Kitabu cha Zawadi kwa Mtoto na Kijana: Vigezo vya Uteuzi na Uhakiki wa Vitabu Kadhaa

1. Utangulizi

Katika miji ya Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani, misimu ya zawadi kwa watoto ni miwili. Wa kwanza ni ule wa Desemba na Januari, yaani Noeli na Mwaka Mpya, sikukuu ambayo Wakongo wengi huiita bonana. Wa pili huja mwanzoni mwa Julai, matokeo ya mwaka wa shule yanapotangazwa na likizo kubwa inapoanza. Katika misimu yote miwili mzazi, mjomba au shangazi hutazama mfuko wake na kuamua. Nguo mpya na viatu hutangulia, kisha huja chakula cha sikukuu, na baada ya hapo mwanasesere au mpira. Kitabu, kama kikikumbukwa, hukumbukwa mwishoni, na mara nyingi huwa ni kitabu cha masomo ambacho mtoto angenunuliwa hata pasipo sikukuu.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawakulitilia maanani vya kutosha, nalo ni uteuzi wa kitabu cha zawadi. Uhakiki umezoea kuuliza kama kitabu ni kizuri. Mtoa zawadi huuliza swali lingine lililo gumu zaidi: kizuri kwa nani, katika umri gani, kwa lugha ipi, na kwa kusomwa na nani? Swali hili si dogo. Kwa watoto wengi wa nchi hii, kitabu kimoja cha zawadi ndicho kitabu pekee cha hadithi watakachokimiliki kabla ya kufika sekondari. Kikichaguliwa vibaya, mtoto hatasema kwamba kitabu kile kilikuwa kibaya. Atasema kwamba vitabu havifai, na atakaa na hukumu hiyo kwa miaka mingi.

Kwanza yatapendekezwa mambo ya kuzingatiwa katika uteuzi. Kisha vitabu vichache vinavyojulikana, vya Kiswahili na vya Kifaransa, vitapimwa kwa mambo hayo, kuanzia vya watoto wadogo hadi vya vijana.

2. Zawadi na kazi ya darasa

Kitabu cha darasa na kitabu cha zawadi hutofautiana hata vinapokuwa na jalada moja. Kitabu cha darasa husomwa kwa amri, hufuatwa na maswali, na mwisho wake ni alama. Kitabu cha zawadi hakina mtihani. Mtoto ana haki ya kukiruka ukurasa, kukisoma kuanzia mwisho, kukirudia mara kumi au kukiacha. Mtu anayetoa kitabu kisha akadai muhtasari wake baada ya juma moja hakutoa zawadi. Ametoa kazi ya nyumbani iliyofungwa kwa karatasi ya rangi.

Makosa ya kawaida ya watoaji ni matatu. La kwanza ni kuchagua kitabu kinachompendeza mtoaji mwenyewe, ama kwa sababu alikisoma utotoni, ama kwa sababu jina la mwandishi humpa heshima mbele ya wageni. La pili ni kuchagua kitabu kwa ajili ya kukaripia. Mtoto mvivu hupewa hadithi ya mtoto mvivu aliyeadhibiwa. Binti aliyechelewa kurudi nyumbani hupewa hadithi ya binti aliyepotea. Mpokeaji hutambua mara moja kwamba anasemwa, naye hukifunga kitabu kama afungavyo masikio yake. La tatu ni kununua kitabu cha thamani kubwa mno kiasi kwamba hakiruhusiwi kushikwa. Hufungiwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni ili kisichafuke, na hakisomwi. Kitabu cha mtoto kinachochakaa kimefanya kazi yake.

Kutokana na makosa haya kigezo cha kwanza chaweza kuelezwa hivi: kitabu cha zawadi kichaguliwe kwa kumtazama mpokeaji alivyo, si kama mtoaji anavyotaka awe. Hii haina maana kwamba maadili yafukuzwe katika fasihi ya watoto. Fasihi simulizi ya Waswahili, na ile ya Waluba, Wabemba, Washi na wengineo, imejaa maadili. Lakini msimulizi mzuri wa jioni humwacha Sungura au Kalulu atende, na wasikilizaji wakahukumu wenyewe. Anayeanza kwa funzo amekwisha kuua hadithi.

3. Lugha ya zawadi

Kigezo cha pili ni lugha, na hapa mtoaji wa Kongo ana tatizo ambalo mwenzake wa Dar es Salaam hana. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Katika maisha ya mtoto wa Lubumbashi mgawanyo huu una sura nyingine. Kifaransa ni lugha ya shule na ya kupanda cheo. Kiswahili cha mjini ni lugha ya ua, ya soko na ya mchezo. Kiswahili sanifu, ambacho wengi hukiita Kiswahili bora, ni lugha inayosikika kanisani, redioni, na kwa wageni wanaotoka Tanzania na Kenya. Mtoto anayesema «batoto» na «mutoto» hukutana katika kitabu na «watoto» na «mtoto».

Je, tofauti hii ni kizuizi? Wapo wanaoshikilia kwamba ni afadhali mtoto apewe kitabu cha Kifaransa, kwa kuwa Kiswahili cha vitabu si chake. Hoja hii ina udhaifu. Kifaransa cha vitabu kiko mbali zaidi na ulimi wa mtoto huyo, wala hakuna anayekikataa kwa sababu hiyo. Tofauti kati ya lahaja ya nyumbani na lugha ya maandishi ipo kwa watoto wa mataifa mengi, nao huivuka kwa kusomewa. Mtoto akisikia «watoto walikwenda» mara tatu katika hadithi inayomvutia, anaelewa pasipo kufundishwa kwamba ni wale wale batoto walioenda. Kinachomshinda ni msamiati uliolundikwa kwa makusudi ya kuonyesha ujuzi. Viambishi havimpi taabu kubwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba Kiswahili cha Katanga hakifai kuandikwa. Historia inawakanusha. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa jina la «Vocabulaire», na maandishi yake yakaja kuchunguzwa na wataalamu kama chanzo muhimu cha historia iliyotazamwa na watumishi na wafanyakazi wenyewe. Ikiwa lahaja hiyo iliweza kubeba historia ya mji, haishindwi na hadithi ya mtoto. Vitabu vya watoto katika lahaja hiyo ni adimu, na hilo ni pengo ambalo wanafunzi wa idara za Kiswahili wangeweza kuanza kuliziba kwa kukusanya na kuandika hadithi za nyanya zao.

Jambo la msingi ni hili: lugha ya zawadi ni ujumbe wenyewe. Mtoto ambaye vitabu vyake vyote vya adhabu na mitihani ni vya Kifaransa, na ambaye hajawahi kupokea kitabu kizuri cha Kiswahili chenye picha, ameambiwa bila maneno kwamba lugha ya mama yake ni ya kuongea tu. Hakuna hotuba ya tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, inayoweza kufuta funzo hilo. Kwa bahati njema siku hiyo huangukia karibu sana na kufungwa kwa shule. Kitabu kimoja cha hadithi mkononi mwa mtoto katika juma hilo kina uzito kuliko mabango.

4. Watoto wadogo: picha na sauti

Mtoto wa miaka minne hadi saba hasomi peke yake. Kwa hiyo kitabu chake kina wasomaji wawili: mkubwa anayesoma kwa sauti na mdogo anayetazama. Mtoaji asimsahau huyu mkubwa. Kitabu chenye maneno mengi kitamchosha mama aliyetoka sokoni, naye hatakirudia. Kitabu chenye sentensi fupi, kiitikio na picha inayoongea kitasomwa kila usiku.

Katika uwanja huu Tanzania imetoa mfano wa kuigwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada uliwasaidia wachapishaji wa nchi hiyo kwa kununua sehemu ya nakala za vitabu vilivyokidhi ubora na kuzigawa shuleni. Mchapishaji aliyekuwa na hakika ya wanunuzi aliweza kuthubutu kuchapa hadithi ambayo haimo katika mtaala. Matokeo yake ni vitabu vyembamba vya Kiswahili chepesi vyenye michoro ya nyumba, mashamba na watu wanaofanana na wale wanaomzunguka msomaji. Vitabu vya namna hii havina fahari machoni pa mtoaji anayetafuta jalada gumu, lakini kwa mtoto mdogo ndivyo vinavyofaa zaidi.

Mchango wa Wakongo wenyewe usisahauliwe, ingawa umepitia Kifaransa. Dominique Mwankumi, mchoraji mzaliwa wa Kongo, alichapisha katika nyumba ya L'École des loisirs ya Paris vitabu kama «La pêche à la marmite» (1998), «Prince de la rue» (1999) na «Les petits acrobates du fleuve» (2000). Katika kitabu cha pili mtoto wa barabarani wa Kinshasa hujitengenezea riziki kwa kuunda vitu vya kuchezea kutokana na takataka za mji. Ubora wa kitabu hiki ni kwamba hakimwombei mtoto huyo huruma. Kinaonyesha akili ya mikono yake. Mtoto wa Lubumbashi aliyewahi kutengeneza gari la waya atamtambua mwenzake katika ukurasa wa kwanza. Na kwa kuwa maneno ni machache, mzazi anaweza kuitazama picha na kuisimulia hadithi yote kwa Kiswahili cha nyumbani. Kitabu cha picha ni cha lugha ya yule anayekisimulia.

Kasoro yake ni moja, nayo haitokani na mchoraji. Vitabu hivi huchapwa Ulaya na bei yake ni ya Ulaya. Kwa familia isiyoiweza bei hiyo ipo njia nyingine. Mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini unatoa hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni huria inayoruhusu kuzichapa. Hadithi kama hiyo iliyochapwa kwenye karatasi za kawaida, ikashonwa kwa uzi na kuandikwa jina la mtoto juu ya jalada, si zawadi ya kuonewa haya.

5. Watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili

Huu ndio umri ambao msomaji huzaliwa au hupotea. Mtoto amekwisha kuijua herufi. Sasa anatafuta sababu ya kuitumia. Sababu iliyo bora ni kicheko.

Kwa kicheko, «Hekaya za Abunuwasi» bado zina nguvu. Abu Nuwas wa historia alikuwa mshairi wa Baghdad katika karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9. Abunuwasi wa Waswahili ni mjanja anayewashinda matajiri, makadhi na hata sultani kwa kutumia maneno yao wenyewe. Kila hekaya ni fupi na husomwa kwa kikao kimoja. Ile ya sufuria iliyozaa, kisha ikafa, inatosha kumwonyesha mtoto jinsi tamaa inavyoifunga akili: mwenye sufuria aliyekubali kwa furaha kwamba chombo cha shaba kimezaa, hana tena mdomo wa kukataa kwamba kimekufa. Hakuna funzo lililoandikwa chini ya hadithi, wala halihitajiki. Mtoto aliyelelewa na hadithi za Kabundi wa Waluba au Kalulu wa Wabemba atampokea Abunuwasi kama ndugu yao wa mjini. Mtoaji achague toleo lenye herufi kubwa na picha, na akumbuke kwamba baadhi ya hekaya zina ukali ambao mzazi atataka kuusoma kwanza.

Kitabu cha pili cha umri huu, na cha zaidi ya umri huu, ni «Le Petit Prince» cha Antoine de Saint-Exupéry, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1943. Kitabu hiki kipo katika Kiswahili kwa jina la «Mwana Mdogo wa Mfalme», tafsiri ya Philipp Kruse na Walter Bgoya iliyochapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Kwa msomaji wa Kongo hii ni nafasi ya pekee, maana aweza kuziweka lugha zake mbili bega kwa bega. Jina lenyewe linatoa mjadala. Kifaransa kinamwita mtoto huyu «mdogo» kwa upendo. Kiswahili kikisema «mwana mdogo wa mfalme», msikilizaji anaweza kufahamu kitinda mimba, na akauliza: kaka zake wako wapi, na mfalme huyo ni nani? Katika hadithi yote hakuna baba mfalme. Hilo si lawama kwa watafsiri. Ni ushahidi kwamba cheo ambacho Kifaransa kinakitaja kwa neno moja, Kiswahili kinakieleza kwa ukoo.

Mfano wa pili ni mbuyu. Katika nyota ndogo ya mtoto huyu mibuyu ni adui: isipong'olewa ingali michanga, mizizi yake itaipasua nyota. Mwandishi Mfaransa aliuchagua mti huo kwa ukubwa na ugeni wake. Lakini kwa mtoto wa pwani ya Afrika ya Mashariki mbuyu si mgeni. Ni mti wa ubuyu anaoumung'unya akitoka shuleni. Msomaji huyo atastaajabu kuona mti wa peremende ukifanywa hatari. Mstaajabu huyo ameanza kuwa mhakiki, na mzazi asiharakishe kumsahihisha. Kwa mtoto wa miaka minane kitabu hiki kitakuwa hadithi ya safari na wanyama. Kwa wa miaka kumi na miwili kitakuwa habari ya urafiki na msiba. Kinafaa kutolewa mapema na kurudiwa.

Kitabu cha tatu kinatajwa kwa sababu ya kutahadharisha. «Tintin au Congo» cha Mbelgiji Hergé kilitokea kwa mfululizo gazetini mwaka 1930 na 1931, kikawa kitabu mwaka 1931, na kikachorwa upya kwa rangi mwaka 1946. Hadi leo hununuliwa kama zawadi, tena na Wakongo wenyewe, kwa sababu jina la nchi yao limo juu ya jalada. Mchoraji alikuwa hajafika Kongo. Katika toleo la kwanza shujaa huwafundisha watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika toleo la 1946 somo hilo liligeuzwa kuwa hesabu ya kujumlisha. Badiliko hilo lilifuta sentensi, halikufuta mtazamo. Wakongo wamebaki wenye midomo minene, wavivu, wanaomsujudia kijana wa Kizungu na mbwa wake. Hata neno la Kiswahili limepotoshwa: mchawi mlaghai wa hadithi anaitwa Muganga, jina ambalo katika Kiswahili cha Kongo ni la mtu anayetibu, na hutumika kwa daktari wa hospitali pia.

Mkongo mmoja aishiye Ubelgiji alikishitaki kitabu hiki mwaka 2007, na mahakama ya Brussels ikaikataa kesi yake mwaka 2012. Uamuzi wa mahakama ulihusu sheria. Uamuzi wa mtoa zawadi unahusu mtoto. Hapa si lazima kudai kitabu kipigwe marufuku ili kusema kwamba hakifai kupewa mtoto wa miaka minane aachwe nacho peke yake. Atakicheka, kwa kuwa Hergé alikuwa fundi wa kuchekesha, na kicheko hicho kitamcheka yeye mwenyewe. Kijana wa miaka kumi na saba ni habari nyingine. Akipewa kitabu hicho pamoja na historia ya zama za ukoloni, na mtu wa kuzungumza naye, atajifunza jinsi picha zinavyotawala.

6. Vijana

Kijana wa miaka kumi na mitatu na kuendelea hataki kuitwa mtoto. Kumpa kitabu chenye tembo wanaotabasamu ni kumtukana. Kwake vinastahili kuhakikiwa vitabu vinne.

Cha kwanza ni «Adili na Nduguze» cha Shaaban Robert (1909–1962), kilichochapwa mwaka 1952. Adili, liwali wa Janibu, huonekana mtu mwema kupita wote, lakini kila usiku huwapiga viboko manyani wawili. Mfalme Rai, anayependa wanyama, anataka kujua sababu. Manyani hao, kama inavyofunuliwa, ni kaka zake waliomtosa baharini kwa wivu, nao wamegeuzwa na jini anayemlazimisha Adili kuwaadhibu. Asili ya kisa ni katika Alfu Lela Ulela, ambamo walioadhibiwa ni mbwa. Mwandishi amewageuza manyani, na kwa kufanya hivyo amewasogeza karibu na ubinadamu: kiboko kinapiga mwili unaofanana na wa mpigaji. Tatizo la Adili ni tatizo ambalo kijana analielewa vyema, yaani namna ya kuwasamehe watu wa nyumba yako waliokudhuru. Msamaha wa mwisho haufutiwi gharama. Adili amelia kila usiku. Kasoro ni wingi wa mawaidha. Sentensi za Shaaban Robert zina mizani ya kupendeza, lakini husimama mara nyingi kuhubiri. Kitafaa kwa kijana mwenye subira, na kitafaa zaidi kikisomwa kwa sauti, kwani kimeandikwa kwa sikio.

Cha pili ni «Mzimu wa Watu wa Kale» cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 1960 na kufungua mfululizo wa Bwana Msa. Huyu ni mpelelezi mwenye kiko, ndugu wa Sherlock Holmes kwa fikra ingawa ni mtu wa Unguja kwa maneno na mizaha. Maiti inapatikana mahali pa mzimu, na watu wanaogopa kuliko wanavyofikiri. Bwana Msa anafikiri. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anafaidika, nani amesema uwongo, na mwisho anayepatikana ni mtu wa nyama na damu.

Katika Kongo ya leo mtindo huu wa kufikiri si burudani tu. Watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kutuhumiwa uchawi kila ugonjwa au kifo kilipotokea, hata Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto ikaweka adhabu kwa anayemtuhumu mtoto hivyo. Sheria huadhibu, haimfundishi mtu kutafuta sababu. Riwaya ya upelelezi humzoeza kijana kudai ushahidi kabla ya kumnyoshea mtu kidole, na humzoeza huku akifurahi. Kwa sababu hiyo kitabu ambacho wahakiki wengi walikiweka katika daraja la fasihi pendwa kinastahili nafasi ya juu katika orodha ya zawadi. Lugha yake ni Kiunguja chenye misemo ambayo msomaji wa Kongo ataikosa hapa na pale, lakini kiu ya kumjua muuaji itamvusha.

Cha tatu ni «Siku Njema» cha Mkenya Ken Walibora, kilichotoka mwaka 1996. Kongowea, kijana aliyelelewa Tanga na mama mwimbaji, anabaki yatima wa mama na kufunga safari hadi Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kijana ambaye baba yake ameondoka kwenda migodini au ng'ambo na harudi, atakisoma kwa moyo wote. Safari ya Kongowea inavuka mpaka kwa lugha moja, na hilo lina maana mpya tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Yafaa kukiri kwamba riwaya ina bahati nyingi mno. Watu hukutana mahali pasipotarajiwa kila hadithi inapokwama, na shujaa hana upungufu wa kutosha. Lakini vijana huyasamehe haya kirahisi kuliko wahakiki, na pengine wana haki.

Cha nne ni «Rosa Mistika» cha Euphrase Kezilahabi (1944–2020), kilichotoka mwaka 1971 na kuzuiwa kwa muda katika shule za Tanzania. Rosa analelewa na baba mkali anayedhani kwamba kipigo ni ulinzi. Anapotoka nyumbani hana silaha yoyote ya kujikinga, na mwisho wake ni mbaya. Watoaji wengi watakiepuka kitabu hiki kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Wengine watampa binti kama onyo, na hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa litageuza lawama. Anayeshitakiwa katika riwaya hii ni Zakaria, baba mtu, pamoja na jamii iliyomtazama Rosa kama mawindo. Kitabu hiki kipewe kijana wa miaka kumi na sita au zaidi, wa kike na wa kiume sawia, na mtoaji akisome kwanza. Mzazi ambaye hayuko tayari kuulizwa maswali baada ya ukurasa wa mwisho asikitoe.

7. Hitimisho

Katika uchunguzi huu imedhihirika kwamba ubora wa kitabu na kufaa kwake kama zawadi ni mambo mawili. «Adili na Nduguze» ni kazi bora, lakini kwa mtoto wa miaka tisa ni mzigo. Kijitabu chembamba chenye picha kisichotajwa katika historia yoyote ya fasihi chaweza kuwa ndicho kitabu kilichomfanya mtu kuwa msomaji. «Tintin au Congo» kina ufundi wa hali ya juu na hata hivyo kinamdhuru yule yule anayekabidhiwa.

Mtoaji, basi, ajiulize mambo manne kabla ya kulipa. Je, kitabu hiki kinamtazama mpokeaji kwa heshima? Je, yupo mtu wa kukisoma pamoja naye kama bado hawezi peke yake? Je, lugha yake inamwambia kwamba lugha ya nyumbani ina thamani? Na je, mpokeaji ataachwa akichakaze? Kitabu kitakachojibiwa ndiyo katika maswali yote manne ni haba, lakini kinapatikana. Bei si miongoni mwa maswali hayo.

Kwa upande wa vyuo kazi iliyobaki ni kubwa. Idara za Kiswahili zimetoa tasnifu nyingi juu ya riwaya za watu wazima, na chache mno juu ya vitabu vya watoto. Mwanafunzi anayetafuta mada anaweza kuanza na swali jepesi kulitamka: watoto wa mtaa wake wana vitabu gani nyumbani, kwa lugha zipi, na nani aliyewapa? Majibu yatawafaa wachapishaji na walimu, na yatamwezesha mhakiki kuzungumza juu ya wasomaji waliopo badala ya wale anaowadhania.